Kizibo cha Kompyuta Namba Nane

Nilikikuta kwenye kopo la vifungo. Tulikuwa tunagawana nguo za marehemu mama huko kwao Mpwapwa, mimi na mama mdogo Ruthi, mdogo wake wa mwisho, tumekaa mkekani na chumba kizima kinanuka sabuni ya mche. Mama alikuwa akiweka kipande cha sabuni katikati ya nguo zake miaka yote. Mama mdogo akanisogezea kopo la zamani la majani ya chai. "Chukua wewe, Yunisi. Vifungo vyake hivyo, mimi sishoni." Nikalimwaga nione kilichomo: vifungo vya mashati, pini, uzi mweusi, zipu iliyong'olewa kwenye gauni. Na katikati yake kitu kidogo cha chuma, cha mviringo, kinene kama ncha ya kidole, upande mmoja kimezibwa, upande wa pili kina tundu.

Mimi ni fundi wa mitandao ya kompyuta, na siku hizi nafundisha wanaoanza. Nilikitambua kabla sijakigusa. Nikakiokota, nikakirusha ukutani kwa nguvu zangu zote. Mama mdogo aliruka. "Wee mtoto, una wazimu? Umeona nini?" Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu aliye hai, na aliyenikasirisha alikuwa kaburini, hajamaliza hata mwezi.

Nyie wa umri wangu mliokulia Dodoma kabla haijajaa maghorofa mtanielewa haraka. Tulikaa Kizota, mtaa wa magereji na mafundi wa kuchomelea, ambako watoto tulijua sauti ya grenda kabla ya kujua kusoma. Mama alikuwa mfagizi kwenye shule moja ya msingi ya kulipia. Jina la shule silitaji, siwatangazii biashara. Watoto wa wafanyakazi walisoma bure, na ndiyo sababu mimi, mtoto wa mwanamke wa deki, nilikaa dawati moja na watoto wa wakubwa. Nilikuwa darasa la tano, na nilijua vizuri sana kwamba dawati langu linashikiliwa na ufagio wa mama. Yeye akiondoka, na mimi naondoka. Kila asubuhi akinitengeneza kola alinikumbusha: "Yunisi, pale siyo kwetu. Usiguse kitu."

Na maji lazima niyaeleze, maana bila maji hamtaelewa ujinga wangu. Kwetu maji yalitoka kwa mgao. Bomba lilikuwa moja, limepita mbele ya nyumba zote za mstari wetu, kila nyumba imejichomekea koki yake. Nyumba ya mwisho kabisa ilikuwa ya Mama Zaina, Mrangi wa Kondoa, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu kutoka mtaa wa pili. Bomba likikaa kavu siku nne tano linajaa upepo. Maji yanaporudi yanasukumana na ule upepo, hayafiki popote, kila mtu anafungua koki yake na kuambulia kikohozi. Basi sisi watoto tulitumwa kukimbia mpaka mwisho wa mstari tukipiga kelele, "Mama Zaina, fungua! Mama Zaina, fungua!" Anafungua koki yake, tunasikia fyuuuu, tunahesabu pamoja moja mpaka ishirini, yanatoka matope, yanatoka maji ya kahawia, halafu mstari mzima unapata maji. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu yote juu ya vitu vinavyopita ndani ya kitu kirefu. Kikikwama, fungua mwisho.

Mwaka huo huo shule ililetewa kompyuta. Zilikuwa zimetumika huko zilikotoka, lakini kwetu zilikuwa mpya kama mtoto mchanga. Zilipowashwa zilitoa harufu ya vumbi linaloungua. Zilipangwa nane juu ya meza ndefu, na ya tisa, kubwa, ikawekwa mbele kwa mwalimu. Nyuma ya kompyuta, juu ya meza, ulitambaa waya mmoja mweusi, ukitoka kwenye ile ya mwalimu, ukigusa namba moja, namba mbili, mpaka namba nane iliyokuwa dirishani. Aliyekabidhiwa chumba alikuwa Mwalimu Lameki, kijana aliyevaa tai hata siku ya michezo. Alikuwa amepelekwa kwenye mafunzo ya wiki chache, akarudi anatembea kama waziri.

Sikilizeni alichotufundisha kuhusu ule waya. Alisimama, akaunyooshea rula, akasema: "Masomo yote yako kwenye kompyuta yangu. Waya huu ndio unaoyaleta kwenu. Asiuguse mtu." Basi! Kijana mmoja akanyoosha mkono kuuliza yanapitaje, akaambiwa akae chini, maswali ya kitaalamu bado. Hebu niambieni, mtoto wa Kizota akiambiwa kitu kinatoka kwenye kikubwa, kinapita kwenye kitu kirefu, kinachotwa na kila mtu kwa zamu, atafikiria nini? Nilijua palepale kwamba lile ni bomba.

Wageni walikuwa wanakuja kufungua chumba. Kila mtoto alipangiwa kompyuta yake, na mimi nikapewa namba nane. Kazi yangu ilikuwa kufungua somo la kuandika na kuchapa maneno "Karibuni wageni wetu" mbele ya watu wazima wote hao. Mama alifurahi mpaka akanisukia nywele upya katikati ya wiki. Lakini namba nane ilikuwa nzito. Wenzangu walikuwa wakifungua somo, mimi bado natazama kile kialama cha saa ya mchanga kikigeuka. Walinicheka. "Yunisi, lako limeshiba ugali wa uwele, limelala!" Leo najua ile mashine ilikuwa na uzee wake tu. Siku ile niliona jambo wazi kabisa: mimi ni nyumba ya mwisho, na bomba lina upepo.

Siku ya kuamkia ugeni, wakati wa mapumziko, mama alikuwa amepiga deki chumba cha kompyuta, akatoka na ndoo kwenda kubadilisha maji. Mlango ulikuwa wazi. Niliingia. Nilipita nyuma ya meza mpaka namba nane, nikafuata waya kwa mkono. Ulipoishia nikakuta kizibo. Cha chuma, kidogo, kimekaa pale mwisho kama koki ya Mama Zaina. Jamani, nilivyofurahi! Nikakisukuma kidogo, nikakizungusha, kikatoka mkononi. Nikainama, nikaweka sikio. Sikusikia kitu, lakini nikajiambia nimesikia. Nikahesabu. Nilipofika kumi na saba nikasikia viatu vya Mwalimu Lameki kwenye korido. Nikatumbukiza kizibo kwenye mfuko wa sweta, nikatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Nilikusudia kukirudisha baadaye.

Baada ya mapumziko tuliingia kufanya mazoezi ya mwisho. Hakuna kompyuta iliyofungua somo. Siyo yangu tu, zote nane. Mwalimu Lameki alizima, akawasha, akapiga moja kofi ubavuni, tai ikamkaa begani. Kila alipowasha, vioo viliwaka vizuri tu, ila vikasema haviioni kompyuta ya mwalimu. Hata mtoto angejua kwamba mashine ni nzima na tatizo liko katikati. Yeye akapiga kelele, "Zimekufa!" Halafu akatazama chini, sakafu bado ina unyevu. "Nani amepiga deki humu?"

Wenzangu wakanigeukia wote kwa pamoja. Kizibo kilikuwa mfukoni mwangu, kizito kama jiwe.

Nieleze sasa, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu, maana ningeelezwa hivi siku ile tusingefika hapa. Kuna namna chache za kupanga kompyuta ziongee. Ya kwanza ni ile ya kwetu, ya mstari: waya mmoja, kila kompyuta imejishikiza humo, na miisho yote miwili lazima izibwe. Ujumbe haufanani na maji. Ukikuta mwisho uko wazi haumwagiki nje, unagonga na kurudi ulikotoka, unagongana na unaokuja, na hakuna tena kompyuta inayomwelewa mwenzake. Ondoa kizibo kimoja, mstari mzima unakuwa bubu. Bomba ukilifungua mwisho linapona, na ule waya ukiufungua mwisho unakufa. Nilikuwa nimekosea kinyume kabisa, na dawa yake ilikuwa kurudisha kile kidude na kukizungusha.

Namna ya pili ni ya nyota, ndiyo mtakayoikuta kwenye ofisi zote za mjini siku hizi: katikati kuna swichi, kisanduku cha kuunganishia nyaya, na kila kompyuta ina waya wake peke yake mpaka pale. Waya wa mmoja ukikatika, anaumia yeye tu. Swichi ikifa, wote mnakaa mnatazamana. Ya tatu ni ya duara, kila mmoja anapokea kutoka kwa jirani na kumpa jirani wa pili, kama watu waliojipanga kupokezana matofali. Jirani mmoja akianguka, matofali yanakwama, labda wawe wamejipanga kuyarudisha kwa upande wa pili. Na kuna ile ya wavu, ambayo kompyuta zina njia nyingi za kufikiana, hii ikifungwa ujumbe unapita ile, ni imara lakini inakula waya na inaumiza kichwa. Wanafunzi wangu wanapenda kuchora hizi picha kwa kalamu za rangi. Nawaambia wekeni kalamu chini kwanza, mniambie kila picha hapo ikiharibika tunaanza kuangalia wapi. Asiyeweza kujibu ataanza kuangalia kwa mtu wa deki. Huwa nalisema hili kwa ukali na hawajui kwa nini.

Haya. Mama aliitwa ofisini kwa Mkuu wa shule. Mimi nikajibanza kwenye korido, chini ya dirisha la vioo vya kukunja, nikasikia yote. Mwalimu Lameki alisema maji ya deki yameingia kwenye waya. Mama akajibu kwa sauti yake ya kawaida, "Hapana, Mkuu. Mimi napiga deki kila siku na kitambaa nakikamua. Waya uko juu ya meza, maji yangepandaje?" Swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na aliyeuliza ni mfagizi. Mkuu akasema wageni ni kesho, wataambiwa nini, aende nyumbani akafikirie, asubuhi aje na maelezo.

Chumba kikafungwa kwa kufuli. Nilikizunguka mara mbili na kizibo mfukoni, sikupata pa kuingilia.

Jioni ile mama alifua. Alifua kila kitu, hata visivyo vichafu, ndivyo alivyokuwa akikasirika. Akachukua sweta langu msumarini, na mimi nikakumbuka nikiwa nimechelewa, tayari liko kwenye beseni. Alikuwa amenipa mgongo. Niliona mikono imesimama ndani ya povu. Bila kugeuka akasema, "Yunisi. Leo uliingia chumba cha kompyuta?"

Nikasema, "Hapana, mama."

Akasema, "Sawa." Akaendelea kufua. Sweta lilipoanikwa nilipekua mfuko, hakuna kitu. Nikaamini kimedondoka njiani, na kesho yake nikaenda shule nikiwa nimeinamisha kichwa, natafuta kwenye vumbi kutoka nyumbani mpaka getini.

Asubuhi hiyo mama alikuwa mtu mwingine. Niko tena chini ya dirisha, nasikia anasema, "Mkuu, ni mimi. Nimefikiri nimeona labda nililowesha." Nilishtuka. Jana si alisema hapana? Mwalimu Lameki akashusha pumzi mpaka nikaisikia nje. Mkuu akasema itabidi aache kazi. Mama akasema, "Naondoka. Lakini mtoto mwandikieni barua ya uhamisho. Safi, isiwe na neno baya, na niipate sasa hivi nikiwa nimesimama hapa." Mkuu akasema itaandaliwa. Mama akasema, "Sitoki." Akasimama pale mpaka ikagongwa mhuri.

Nitawaambia nilivyoielewa mimi, mtoto wa darasa la tano mwenye akili nyingi. Nilielewa kwamba mama ni mwoga. Nilielewa kwamba amebanwa kidogo tu akakubali kosa lisilo lake, hata kujitetea hawezi, anaombaomba barua. Nilimwonea haya. Na chini ya ile haya, Mungu anisamehe, nilipumua. Kama mama mwenyewe anasema ni deki, basi huenda kweli ni deki. Niliishikilia ile deki miaka na miaka.

Tukahamia Mpwapwa kwa bibi. Mama akalima karanga na alizeti, mgongo ukapinda kabla ya wakati wake. Nilisoma shule ya kijijini, barua yangu ikiwa safi haina doa, nikapokelewa bila maswali. Habari zikatufuata, na watani wa kijijini wakamwita Mama Kompyuta. "Mama Kompyuta, njoo utazame redio yangu, usije ukaiua tu!" Mama alicheka nao. Mimi nilikuwa nawatukana watu wazima kimoyomoyo, na kumtukana yeye kwa kucheka.

Nilijua ukweli chuoni. Mwalimu wetu alichora mstari ubaoni, akaweka kidude kila mwisho, akasema, "Zamani tulipanga hivi. Hiki kikitoka, mtandao wote umekwisha." Nikatoka darasani. Nikampigia simu mama. Nikamuuliza hali, nikamuuliza mvua, nikamuuliza mbuzi, nikakata. Kila likizo nilikwenda Mpwapwa nikiwa nimejiandaa kusema, na kila likizo nilimpelekea gauni. Alikuwa na magauni mengi sana mama yangu, ndiyo hayo tuliyokuwa tunayagawana.

Sasa mnaelewa kwa nini nilikirusha ukutani. Alikuwa nacho! Alikipata kwenye povu la sabuni siku ileile. Alifagia kile chumba kila siku, alijua kila kitu kinapokaa, alijua kimetoka wapi na kimetoka kwa mkono wa nani. Akaniuliza, nikamdanganya, akasema sawa. Na hakujua, jamani, hakujua kwamba alichoshika ndiyo dawa yenyewe, kwamba angeweza kuingia na kukizungusha kidogo tu na kila kitu kikarudi. Yeye aliona ushahidi wa kumfukuzisha mtoto wake kama mwizi, shule nyingine zisimtake. Akakificha. Akaitoa kazi yake, akachukua barua. Nilimkasirikia kwa kunyamaza miaka yote hiyo, kwa kuniacha nimwonee haya, kwa kucheka na wale watani.

Nikakiokota tena, na hasira zikanirudisha Dodoma. Mwalimu Lameki siku hizi ana duka la vifaa vya kompyuta, nilikuwa najua, nilikuwa napita mbali. Safari hii niliingia. Amenenepa, tai hana. Nikaweka kizibo juu ya meza yake ya kioo.

"Shikamoo, mwalimu. Unakijua hiki?"

"Marahaba." Akavaa miwani, akacheka. "Ala! Umekitoa wapi? Hivi havipo tena. Hiki kilituaibisha sana enzi nafundisha. Wageni wako getini, mtandao umekufa, mimi jasho linanitoka! Siku ya tatu akaja fundi, akaangalia mwisho wa waya, akanicheka mbele ya wanafunzi. Akatoa kizibo kingine mfukoni, akachomeka, zikarudi zote. Dakika moja!" Alikuwa anasimulia kichekesho. Alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

"Mkamwambia yule mama?"

"Mama yupi?"

Nilishika meza. "Mfagizi mliyemfukuza."

Akanitazama vizuri. Nikaona anavyonitafuta usoni na anavyonipata. "Wewe ni mtoto wa... Pole, nimesikia amefariki. Lakini, dada, tungefanyaje? Barua ilishatoka. Na mwenyewe alikiri."

"Siku ya tatu mlijua si yeye. Mlishindwa kumtuma hata mtoto aje Kizota?"

"Mambo ya zamani hayo." Akakigeuza kizibo kwenye vidole, halafu akauliza, "Sasa nani alikitoa?"

"Mimi."

"Ahaa!" Uso ukamnawiri, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Si unaona? Kumbe ni humohumo kwenu!"

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, wateja wawili wakatoka. Mwishowe nikamwambia, Jumamosi tunaweka msalaba kaburini Mpwapwa, aje aseme mbele ya watu kile alichoniambia mimi. Akasema atajitahidi. Nikachukua kizibo changu.

Siku ya mazishi mjomba alisoma wasifu wa marehemu kama ilivyo desturi, na pale kwenye kazi alisoma, "Aliwahi kufanya kazi ya usafi shuleni, akaacha kwa hiari yake." Watu wawili watatu nyuma yangu waliguna. Kwa hiyo Jumamosi, msalaba ulipokwisha simikwa na mchungaji amemaliza sala, nikaomba nafasi ya kusahihisha wasifu. Nilitazama barabarani mara ya mwisho. Lameki hakuja. Ndugu walikaa upande mmoja, majirani wa zamani wa Kizota waliokodi gari walikaa upande wa pili, na mbele yao Mama Zaina, sasa bibi wa fimbo, kanga mbili kichwani.

Nikasema yote. Kwamba mama hakuua kompyuta. Kwamba hakuacha kwa hiari, alifukuzwa. Kwamba siku ya tatu walijua na wakanyamaza. Kwamba aliyetoa kizibo ni mimi, na hiki hapa. Nikakiinua. Sauti ilikuwa inapasuka kwa hasira, nilitaka kila mtu pale achukue sehemu yake.

Mjomba akakohoa. "Sasa wewe mtoto, huko mwisho wa waya ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilikuwa natoa upepo."

Kuna waliocheka. Sikuwalaumu, msiba ulikuwa umekwisha poa. Lakini Mama Zaina akagonga fimbo chini.

"Mnacheka nini?" Sauti ilikuwa ileile ya kuita mtaa wa pili. "Bomba likijaa upepo si unafungua kwa wa mwisho? Kizota nzima si ilikuwa inanipigia kelele mimi, fungua, fungua? Mtoto alifanya alichokiona. Kosa liko wapi hapo?" Akanigeukia, akashusha sauti. "Ungesema tu, mwanangu. Ungekuja kwangu ukaniambia, ningekwenda pale shuleni kwa miguu yangu nikawaeleza. Wangenielewa. Mbona hukusema? Hakuna mtu aliyekuuliza?"

Nilikuwa na majibu mengi kwa ajili ya watu wengi, nimeyabeba kutoka Dodoma. Yote yakaniishia. Nikatazama ule msalaba mpya, rangi yake bado haijakauka.

"Niliulizwa, Mama Zaina," nikasema. "Mama aliniuliza. Nikasema hapana."